Gereza la Kilwa Kisiwani: la Wareno au la Waomani? Na kwa nini linaitwa "Gereza"?

#1 Mwana wa Somanga

Habari za leo wakuu.

Jumamosi iliyopita nilikata kiu ya miaka mingi, nikaenda Kilwa Kisiwani kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ijumaa tulilala Kilwa Masoko, upande wa bara. Asubuhi tukachukua kibali na mwongozaji, tukashuka gatini. Kivuko kikubwa kama cha Kigamboni hakuna, mnavuka kwa mashua za tanga au boti za mashine. Mwendo wenyewe ni kama kilomita mbili tu. Lakini mkishafika katikati ya maji mkaliona lile Gereza limesimama ufukweni, kuta za kijivu zilizoliwa na chumvi, mnanyamaza wenyewe. Watoto wangu wawili waliokuwa wakigombania biskuti tangu Nangurukuru waliacha ugomvi.

Sasa swali. Mwongozaji alituambia ngome ilijengwa na Wareno mwaka 1505. Mzee mmoja tuliyevuka naye akakataa pale pale: ile ni kazi ya Waomani, Mreno kaacha msingi tu. Walibishana mpaka mashua ikagusa mchanga. Tulipoingia ndani binti yangu wa darasa la tano akauliza: "Baba, kama ni ngome mbona inaitwa gereza? Alifungwa nani?" Nimezunguka vyumba vyote. Nimeona baraza za mawe mlangoni, nimeona matundu mengi ya kuchungulia nje, ila chumba cha wafungwa sikukiona. Nimemuahidi kumpelekea jibu. Nisaidieni.

#2 Kusi Mkali

Ni la Wareno mkuu. Julai 1505 Francisco de Almeida alifika na meli zake, akauteka mji na kuupora, wakajenga ngome wakaiita Santiago. Ndiyo ngome yao ya kwanza Afrika Mashariki yote, hata ya Sofala ilifuata baadaye mwaka huo huo. Wakatawala pale kama miaka mia hivi, ndipo Waomani wakawatoa.

#3 Fundi Chokaa

Kusi Mkali, mwanzo umesema kweli, mwisho umepotea. Wareno hawakukaa Kilwa miaka mia. Waliingia 1505, wakaondoka 1512. Miaka saba. Waomani walikuja mwishoni mwa karne ya 18, na jengo analoliona mtu leo kwa sehemu kubwa ni lao, la mwanzo wa karne ya 19, juu ya masalia ya Wareno. Kwa hiyo mwongozaji na yule mzee wa kwenye mashua kila mmoja alishika upande wake wa kitu kimoja.

Mwana wa Somanga, yale matundu ya mraba uliyoyaona yamejipanga kwa mstari ukutani si ya kuchungulia. Ni ya boriti. Sakafu ya juu ililala juu ya boriti za mikandaa (aina ya mikoko), boriti zikaoza, matundu yakabaki. Ndiyo sababu pia vyumba vya zamani vya pwani yote ni vyembamba na virefu kama ushoroba. Mkandaa hautoi boriti ndefu ya kuaminika kuzidi mita tatu hivi, basi upana wa chumba unaamuliwa na mti, mwenye nyumba hana la kusema. Ukitaka kujua ipi ya kuchungulia, chungulia: tundu la bunduki linapenya hadi nje, la boriti lina kisogo cha jiwe.

Mimi nimefanya kazi ya chokaa miaka mingi kwenye majengo ya namna hii, ndiyo maana nasema hivi.

#4 Binti Kivinje

Asante Fundi. Kuhusu jina, bibi yangu mzaa mama (Mungu amrehemu) alikuwa akisema pale ndipo watumwa walipofungiwa kabla ya kupakiwa majahazini, ndipo likaitwa gereza. Kwetu hili halikuwa la kubishania. Na akilisema alikuwa anashusha sauti.

#5 Mvita Kwetu

Salamu kutoka Mombasa. Hili si la Kilwa peke yake. Fort Jesus yetu ilijengwa kuanzia 1593, na kuanzia 1895 Waingereza waliifanya jela hadi 1958. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa jela hadi 1984. Mimi naona jina lilikuja kwa njia hiyo: serikali ikikuta jengo lenye ukuta mnene na mlango mmoja, inafunga watu humo. Ngome ikageuka gereza, na neno likageuka nayo.

#6 Mpenda Maneno

Mvita, umeanzia mkiani. Neno "gereza" halikuanza na maana ya jela. Linatoka kwa Kireno, igreja, yaani kanisa. Ondoa ile "i" ya mwanzo, weka irabu katikati ya "g" na "r" kama tunavyopenda sisi, unapata gereza. Ndani ya ngome zao Wareno walikuwa na kanisa, watu wa nje wakasikia neno wakalitumia kwa jengo zima. Kufunga watu kulifuata baadaye. Ni ukoo mmoja na meza, bendera, leso, karata, mvinyo na foronya.

#7 Kusi Mkali

Fundi, nimekubali ile miaka mia, nilichanganya na Mombasa.

Ila Mpenda Maneno, hapo pananisumbua. Kama Mreno alikaa Kilwa miaka saba tu, tena akiwa adui wa watu, neno la kanisa lake liliganda vipi midomoni mwa watu miaka mia tatu, likaja kubandikwa kwenye ngome ya Waislamu wa Omani?

#8 Mpenda Maneno

Swali zuri. Si lazima neno liwe limezaliwa Kilwa. Nenda Unguja, Ngome Kongwe pale Forodhani: Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Pale kanisa limekuwa ngome kwenye kiwanja kile kile, na baadaye ikatumika kama gereza kweli. Wazee wa Unguja wengine hadi leo wanaiita Gereza. Kwa mawazo yangu neno lilikomaa huko, likashuka kusini pamoja na Waomani wenyewe, likiwa tayari lina maana ya ngome.

#9 Mvita Kwetu

Basi kwa nini wazee wetu wakaiita Fort Jesus "Ngomeni"? Wareno walikaa kwetu miaka zaidi ya mia na kanisa lilikuwamo ndani. Kwa hesabu yako sisi ndio tungekuwa wa kwanza kusema gereza. Mimi sijashawishika.

#10 Nyota ya Alfajiri

Wakuu samahani nawatoa kidogo kwenye lugha. Nataka kumpeleka mama yangu, ana miaka 68, magoti yanamsumbua. Nafikiria Julai. Inawezekana kwenda na kurudi siku moja bila kumtesa?

#11 Nahodha Mstaafu

Inawezekana dada, lakini fuata maji, usifuate saa yako. Julai ni kusi. Asubuhi bahari inakuwa tulivu, kuanzia adhuhuri upepo unapanda na mawimbi yanaanza kurusha maji ndani. Vukeni mapema, mrudi kabla upepo haujakaza.

La pili, uliza maji. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanapwa mbali sana. Ukifika wakati wa kupwa mashua haisogei mpaka ufukweni, unashuka kwenye maji ya magotini na kutembea juu ya matope na mawe yenye kombe kali. Kwa mama hapo ni taabu. Chagua siku ya maji mafu, au panga mfike maji yakiwa yanajaa. Kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo saa uliyoambiwa na aliyekwenda wiki iliyopita haikufai kitu.

La tatu, jaketi la kuokolea liwe mwilini, lisiwe limekaliwa kama mto. Mimi nimewahi kuvuka na chombo kimoja kilichobeba watu kumi na tano na majaketi manne. Nilishuka, nikasubiri kingine. Mbaharia mzima naogopa, na wewe uogope.

#12 Nyota ya Alfajiri

Shikamoo Nahodha, nimeandika yote. Kutembea kisiwani je?

#13 Kijana wa Husuni

Dada Nyota, Gereza liko karibu na mnaposhukia, na Msikiti Mkuu ni hatua chache kutoka hapo. Mama ataviona bila shida, njia ni mchanga na kivuli cha miti kipo. Husuni Kubwa ndiyo mbali, kiasi cha kilomita moja na ushei kwa mguu, kuna jua. Ila boti ya mashine inaweza kuwazungusha kwa baharini, halafu kuna kupanda kidogo maana jengo liko juu ya jabali.

Na hapo niseme lililonikaa moyoni tangu post ya kwanza. Mnabishania jengo changa kuliko karibu yote pale kisiwani! Gereza ni la juzi. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11 au ya 12, ukapanuliwa karne ya 14. Husuni Kubwa ni ya mwanzo wa karne ya 14, vyumba zaidi ya mia, na lile birika la pembe nane linaloangalia bahari. Aliyeijenga ni sultani wa hapa hapa, al-Hasan bin Sulaiman, jina lake limekutwa limechongwa kwenye jiwe humo ndani. Husuni yenyewe maana yake ni ngome, kutoka Kiarabu. Watu wanashuka, wanapiga picha Gerezani, wanaingia msikitini dakika kumi, wanarudi Masoko kula. Wanaondoka wakiamini Kilwa ilianza na Mreno. Mreno alikuja kuuharibu mji ambao ulikuwa mkubwa miaka mia mbili na zaidi kabla yake!

#14 Kusi Mkali

Kijana, nakuunga mkono. Ibn Battuta alifika 1331, wakati wa sultani huyo huyo aliyekuwa akiitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Akasema Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri. Aliliona hilo Gereza na majumba ya mawe akastaajabu.

#15 Fundi Chokaa

Kusi Mkali ndugu yangu, Gereza asingeweza kuliona, bado miaka zaidi ya mia moja na sabini. Na majumba ya mawe hakuyataja. Aliandika kwamba nyumba ni za mbao na mapaa yake ni ya matete. Hapo wataalamu wanavutana mpaka leo: wengine wanasema aliandikiwa kumbukumbu vibaya baada ya miaka mingi, wengine wanasema watu wengi kweli walikaa nyumba za miti na udongo na mawe yalikuwa ya msikiti na wakubwa. Mimi niko upande wa pili. Kuchoma chokaa si mchezo. Unachimba matumbawe, unapanga magogo duara, unalundika mawe juu, unachoma mpaka yanakuwa meupe, halafu chokaa inalowekwa na kukaa muda mrefu kabla ya kuishika. Nyumba moja ya mawe inakula msitu. Mvuvi wa kawaida angeutoa wapi?

Na ndiyo maana roho inaniuma nikiona mtu anaziba ufa wa ukuta wa chokaa kwa saruji. Chokaa inapumua, saruji haipumui. Chumvi inakosa pa kutokea, inasukuma jiwe kutoka ndani, na baada ya masika mawili matatu kiraka kinaanguka na ngozi ya ukuta.

#16 Kibuyu Wazi

Huu uzi umenigusa, nina la kusema ambalo sijawahi kusema. 2009 nilikwenda pale na ziara ya shule. Karibu na msikiti niliokota kipande cha chombo, kijani, laini kama kioo, ukubwa wa kucha ya dole gumba. Ukikielekeza kwenye mwanga unaona nyufa ndogo ndogo ndani ya rangi, kama utando wa buibui. Nimehama nacho nyumba nne. Sasa hivi kiko juu ya kabati, nimekitoa nakitazama. Baadaye niliambiwa ni kigae cha China. Sikujua kama ni kosa.

#17 Binti Kivinje

Kirudishe kaka.

#18 Mvita Kwetu

Kirudishe. Kwetu Gede pia watu wanafanya hivyo, kila mmoja anasema "kimoja tu".

#19 Mkaa Kisiwani

Nimezaliwa hapo hapo Kisiwani, kwetu ni nyuma ya Msikiti wa Malindi kidogo. Nasoma tu siku zote, leo niandike.

Kwanza kaka Kibuyu, usione haya, kirudishe ofisini Masoko. Tulipokuwa watoto vigae hivyo tulivichezea, tukalima tunavikuta kwenye mihogo. Siku hizi tunaelewa. Mvua kubwa ikinyesha vinatoka vyenyewe njiani, na wageni wanaviona kama kokoto.

Pili, wageni wengi wanapaita kwetu "mahame". Siyo mahame, tunakaa. Tuna shule, tunavua, tuna mikorosho na minazi. Mkija kwa saa tatu mkaondoka na chupa zenu za maji bila kununua hata dafu, kijiji kinabaki na nyayo tu. Kina mama wanapika pweza wa nazi, wanapika mkate wa kumimina. Mwambieni mwongozaji mapema, mtakuta chakula tayari.

Tatu, bahari inalila Gereza. Sehemu ya upande wa majini ilishaanguka, nilimsikia baba akisema walikuwa wakicheza kwenye kivuli cha ukuta ambao mimi sikuukuta. Kuna ukarabati umefanyika, kuna kingo za mawe, mikoko imepandwa. 2004 UNESCO iliiweka Kilwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini na 2014 ikaiondoa. Ila bahari hairudi nyuma, sisi tunaiona kila bamvua.

Kuhusu watumwa, bibi yako Binti Kivinje hakusema bure.

#20 Mpenda Maneno

Karibu sana Mkaa Kisiwani, wewe ndiye tuliyekuwa tunakungoja.

Kwenye suala la watumwa niongeze na nisahihishe kwa heshima. 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Hilo lilifanyika Kisiwani. Lakini ni kabla ya Gereza hili tunalolizungumza. Karne ya 19, biashara ilipokuwa kubwa kuliko wakati wowote, bandari yake ilikuwa Kivinje, bara. Kwa hiyo bibi alibeba kumbukumbu ya kweli, ila huenda ilihamia kwenye jengo lililobaki limesimama. Masimulizi yanatafuta ukuta wa kuegemea.

#21 Binti Kivinje

Nimekuelewa, ila sijakubali. Bandari kuu kuwa Kivinje haina maana kwamba Gerezani hakufungwa mtu. Jengo lenye askari, mlango mmoja na ufuko mbele yake, katika miaka ile ile. Wewe una karatasi ya Morice, mimi nina bibi. Karatasi za waliofungwa hazikuandikwa.

#22 Kijana wa Husuni

Hapo umesema kitu dada.

#23 Kusi Mkali

Tukiwa kwenye masimulizi, ile ya nguo mnaijua? Ali bin Hassan kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Wakati huo maji yakipwa watu walivuka kwa miguu kutoka bara. Aliyeuza akajuta, akarudi na jeshi, akakuta bahari haipwi tena.

#24 Mpenda Maneno

Na sababu ya kutopwa nayo ina kauli mbili. Historia ya Kilwa ya Kiarabu inasema yule mgeni alichimba mkondo. Simulizi ya Kiswahili inasema walitoa kafara na kusoma Kurani mpaka maji yakagoma kukauka. Na Mshirazi mwenyewe ana mabishano yake. Kwa muda mrefu wanaakiolojia walisema ni hadithi ya kujipa ukoo, mji ulikuwa wa wenyeji. Kisha 2023 ukachapishwa utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania: damu ya Kiafrika na ya Kiajemi zimechanganyika tangu karibu mwaka 1000, ya Kiajemi hasa upande wa baba, ya Kiafrika upande wa mama.

#25 Nahodha Mstaafu

Mimi nimepita ule mlango wa bahari usiku na mchana. Pana kina pale. Mtu na jembe hachimbi vile. Ya kafara naiacha kwa Mungu.

#26 Mtembezi Lisbon

Hamjambo, niko Ureno kikazi. Nimesoma uzi wote kwenye treni, nilipofika sikwenda kazini moja kwa moja, nilipita makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale. Nilikwisha sikia habari hii ila sikuwahi kwenda.

Kuna chombo cha dhahabu tupu cha ibada ya Kikatoliki, wanakiita Custódia de Belém. Kimewekwa peke yake nyuma ya kioo. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti, wadogo kama vidole, nguo zao zimetiwa rangi, na juu yao kuna minara membamba kama ya kanisa. Chini kwenye ukingo kuna maandishi yanayozunguka: Mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, kikamalizika 1506. Quiloa ndiyo Kilwa. Ni ile kodi ambayo Vasco da Gama alimtoza Amir Ibrahim mwaka 1502 kwa vitisho vya mizinga. Nilizunguka kile kioo mara tatu nikisoma lile neno. Watu walikuwa wanapita, wanasifia ufundi.

#27 Mwana wa Somanga

Mtembezi, hapa nimenyamaza kidogo. Nimemsomea binti yangu post yako. Ameuliza kama wanaweza kuirudisha. Nimeshindwa kumjibu.

#28 Kibuyu Wazi

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Jana nimevuka Nangurukuru, nimefika Masoko, nimekipeleka. Mhudumu alinipokea vizuri, hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Ulikiokota wapi hasa? Upande gani wa msikiti, juu ya ardhi au kwenye shimo?" Nikatafuta kichwani. Nakumbuka jua, nakumbuka mwalimu anatuita, mahali sikumbuki. Akasema basi, tutakiweka, lakini hakiwezi kutuambia kitu.

#29 Fundi Chokaa

Umefanya vema kukirudisha. Sikiliza hii: 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Alizitia kwenye kopo mpaka 1979. Zilipotazamwa, tano zilikuwa za Kilwa. Yeye aliweka alama ya X kwenye ramani mahali alipoziokota, na kwa alama hiyo watafiti wamerudi kule kutafuta. Zimefikaje, kila mtu ana lake.

#30 Nyota ya Alfajiri

Kaka Kibuyu, ulivuka hadi Kisiwani? Bahari ikoje?

#31 Kibuyu Wazi

Nilivuka, maji yalikuwa mafu, tuliteremka pakavu. Nikala pweza kama Mkaa Kisiwani alivyoelekeza. Mama aliyenipikia nilimuuliza mbona panaitwa Gereza. Akanishangaa. Akasema, "Mwanangu, sisi tukisema Gerezani ni pale mashua zinapofikia. Mume wangu akichelewa kurudi baharini, nakwenda Gerezani kumtazamia."

#32 Mwana wa Somanga

Hiyo ni sababu ya nne sasa. Namwandikia binti yangu zote kwenye daftari, na majina yenu. Likizo ya Desemba tunarudi, safari hii kulala, na tunaanza na Husuni. Nahodha, Desemba kaskazi itakuwa imeshaingia?

#33 Nahodha Mstaafu

Itakuwa imeingia. Njooni na kofia, na muangalie mwezi kabla ya kukata tiketi ya basi.